Skrini ya Inchi Ishirini na Saba

Katika kampuni ile ya kuchapisha atlasi za shule, cheo cha mtu hakikuandikwa mlangoni. Kilipimwa kwa inchi. Mkurugenzi alikuwa na skrini ya inchi ishirini na mbili, mhasibu ishirini, mhariri kumi na tisa, dereva kumi na saba, mchora ramani kumi na saba pia ila ya zamani zaidi, na dada wa mapokezi alikuwa na ile yenye kisogo kirefu, iliyokula nusu ya meza na siku za baridi ikampasha mikono. Dereva hakuwa na kompyuta. Skrini alipewa kwa heshima ya miaka yake kazini, na asipokuwa na safari alichana nywele mbele yake, maana ikizimwa ni kioo kizuri tu.

Utaratibu ulikuwa mmoja. Skrini mpya ikinunuliwa inakwenda kwa mkurugenzi, ya mkurugenzi inashuka kwa mhasibu, ya mhasibu kwa mhariri, hivyo hivyo mpaka mapokezi. Hakuna kuruka foleni. Mhariri aliwahi kujaribu, akaulizwa ana haraka ya kwenda wapi.

Aliyeumia zaidi ni mchora ramani, mama mmoja mwembamba aliyeitwa Dira na ofisi nzima. Kwenye skrini yake ramani ya nchi haikuenea hata robo. Aliichora vipande vipande, kama mtu anayetazama harusi kupitia tundu la ufunguo: mara aone kiatu, mara aone keki. Toleo lililopita alianza kuuchora mto mkubwa kule kaskazini, akasogeza ramani, simu ikalia, na aliporudi akaushika mstari uliokuwa karibu akaendelea nao. Mstari huo ulikuwa barabara. Atlasi ikatoka na mto unaoteremka milimani vizuri kabisa, kisha ukifika katikati ya nchi unageuka lami. Mwalimu mmoja wa jiografia alipiga simu kuuliza, kwa adabu zote, kama malori hupita humo mwaka mzima au kiangazi tu.

Mkurugenzi hakufoka. Alisema tu kwamba kosa la pili la namna hiyo likitokea, ramani zitachorwa na watu wa nje, na Dira atatafutiwa kazi nyingine. Kampuni haikuwa na kazi nyingine. Na sasa toleo jipya lilikuwa mezani, na mto ulikuwa unamsubiri.

Ndipo ilipoletwa skrini ya inchi ishirini na saba. Nyembamba kama sinia, ukingo wake hauonekani, na nukta zake, kwa maelezo ya boksi, zilikaribia elfu nne kutoka upande hadi upande. Dira aliyasoma maelezo yale kama mtu anayesoma menyu ya hoteli asiyoimudu. Kwenye kitu kama hicho mto ungeonekana wote, chemchemi hadi baharini, bila kusogeza chochote.

Foleni ikasogea. Kila mtu alipanda ngazi moja. Dira naye alipanda: akapewa ile ya dereva, inchi kumi na saba, yenye mafuta ya nywele.

Kwa kuwa ni yeye pekee aliyejua waya upi unaingia wapi, ndiye aliyetumwa kuifunga skrini mpya ofisini kwa mkurugenzi. Akaiwasha. Picha ilikuwa safi kiasi cha kukufanya ujione mchafu. Herufi, hata hivyo, zilikuwa kama sisimizi walio safarini. Hesabu yake si ngumu: herufi iliyokuwa na nukta kumi na mbili ilibaki na nukta zile zile kumi na mbili, ila nukta zenyewe zimekuwa vumbi. Kompyuta haikuzi kitu mpaka uiambie, na kuiambia ni kubonyeza mara tatu.

Dira alifungua mdomo aseme. Mkurugenzi akawahi.

"Safi sana," alisema, akiwa amekunja uso mzima. "Sijawahi kuona vizuri hivi."

Dira akaufunga mdomo. Alipiga hesabu ya haraka, ya kibinadamu: mzee atachoka na sisimizi, atasema hii kitu haifai, na skrini isiyofaa haina foleni. Nyumbani alimsimulia mumewe, naye mume, ambaye ushauri wake siku zote ulikuwa kutofanya kitu, alisema asifanye kitu.

Mzee hakuchoka. Siku iliyofuata alimwita Dira amsomee barua pepe mbili, akasema yuko bize. Ya baada yake alimwita amsomee zote, akasema anapenda kusikiliza. Wiki ikaisha Dira akiwa nusu mchora ramani, nusu redio. Huko mezani kwake mto haukuwa umevuka hata mpaka wa mkoa wa kwanza.

Wiki ya pili aliingia na kumkuta mkurugenzi amefumba macho, anatembea kutoka kwenye kiti kuelekea mlangoni huku mkono mmoja unapapasa ukuta. Alipoukuta mlango alitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Funga, mwanangu," alisema. "Kaa."

Akamwambia. Alikuwa anapofuka. Hospitali hakwenda, kwani daktari angemwambia tu anachokijua. Mkewe alikuwa na habari, na tangu apewe habari hakuna kiti kilichosogezwa pale nyumbani. Jioni mke alimshika mkono mpaka mlangoni mwa choo akamsubiri nje. Barua ya kuacha kazi ilikuwa tayari, imebaki kutiwa sahihi, nayo ataitia mwisho wa mwezi akiwa bado anauona mstari wa kutilia sahihi.

Dira aliuliza, taratibu, kama gazeti anaona.

Gazeti aliona. Kibao cha duka la ng'ambo ya barabara aliona, na bei zilizobandikwa dirishani pia. Lakini alikwishalifikiria hilo, na jibu analo: ugonjwa wenyewe unaanza na vitu vya mwanga, halafu ndio unaingia kwenye karatasi.

"Sasa sikiliza," akasema. "Hii skrini nimeona unavyoitazama. Siku yangu ya mwisho nitaamuru ije kwako moja kwa moja. Foleni waniulize mimi, nitakuwa siwaoni."

Hapo Dira alipata alichokitaka, na alichotakiwa kufanya ni kile alichokuwa akikifanya wiki mbili nzima, yaani kunyamaza. Kazi rahisi, ameizoea. Aliutazama mto akilini, wote, na delta yake. Kisha akamtazama mzee, ambaye alikuwa anajaribu kuweka kalamu mezani bila kuangalia, akaikosa meza.

Akainuka, akazunguka upande wa pili, akabonyeza mara tatu.

Sisimizi wakanenepa. Mkurugenzi alisogea mbele, akarudi nyuma, akasogea tena. Akaanza kusoma kwa sauti. Alisoma barua ya kiwanda cha karatasi, akasoma tangazo la semina, akasoma tarehe, akasoma mpaka yale maneno ya chini kabisa yanayoomba usiichapishe barua hii bila sababu. Alipoacha kusoma, macho yake yalikuwa na maji, akayafuta kwa tai.

"Ulijua lini?" akauliza.

Dira angeweza kujibu kwamba ni sasa hivi tu. Mumewe angesema sasa hivi.

"Siku ya kwanza, mzee."

Mkurugenzi aliikunja ile barua ya kuacha kazi mara mbili, akaitia kwenye pipa la takataka, akaitoa, akaichana, akairudisha.

"Kwa hiyo mke wangu ananipeleka chooni," alisema, "kwa ajili ya mto."

"Ndiyo, mzee. Samahani, mzee."

"Umefika wapi mto wenyewe?"

"Bado uko milimani. Nikisogeza ramani naupoteza. Utageuka tena, najijua."

Mkurugenzi aliihesabu foleni kwa vidole. Kumpa skrini hakuwezekani: mhasibu angedai ya kwake, mhariri angepaza sauti, dereva angerudisha ufunguo wa gari. Skrini ya mkurugenzi haitoki ofisini kwa mkurugenzi, na hilo hata yeye hawezi kulivunja akiwa anaona.

"Basi haitoki," akasema. "Lete kompyuta yako humu."

Hivyo ndivyo Dira alivyohamia nyuma ya meza kubwa, kwenye kiti cha ngozi kinachozunguka, na mkurugenzi akahamia kwenye kiti cha wageni, na ile inchi kumi na saba ikawekwa kwenye meza ndogo ya magazeti mbele ya magoti yake. Herufi zake zilikuwa kubwa. Aliisifia. Nyumbani hali ilikuwa ngumu zaidi: mkewe alikataa kabisa habari ya kupona, akasema wagonjwa wote husema hivyo, akaendelea kumshika mkono.

Siku ya tatu aliingia wakala wa vitabu, mgeni mwenye mkoba na jasho. Alimkuta mama nyuma ya skrini kubwa kuliko zote na mzee kwenye kiti cha wageni, akafanya kama ambavyo mtu yeyote wa kampuni ile angefanya. Alimpita mzee, akainama mbele ya meza, akamwamkia mkurugenzi mama, akaeleza kwa kirefu kwa nini anaomba apewe shule za kusini aziuzie atlasi.

Dira alikuwa amefika uwanda wa chini, mahali mto unapogawanyika mikono miwili, na alijua akiinua macho tu atachukua mkono usio wake. Hakuinua. Alisema achukue shule za kusini.

Wakala akashukuru, akatoka kinyumenyume. Mkurugenzi, kutoka kwenye kiti cha wageni, alisema kwamba hata yeye angempa, akaendelea kusoma.