Deni la Kitako cha Bunduki

Siku ya mazishi ya Mfaume kule Mzenga, kabla jeneza halijanyanyuliwa, mdogo wake Seifu alisimama akatangaza kama ilivyo ada: anayemdai marehemu ajitokeze, maana roho ya mtu hubaki imening'inia kwenye deni lake. Ndipo sauti ikapanda kutoka nyuma, ya Mzee Anselmi, Mnyamwezi wa Tabora aliyehamia Msimbu miaka mingi akalima mihogo huko.

"Mimi namdai! Mzaramo huyu anataka kuondoka na kitako cha bunduki yangu. Mfunueni mtazame kama hakukificha humo!"

Kicheko kikalipuka. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, na mtani msibani hafungwi mdomo. Seifu naye alicheka, akafuta macho, jeneza likanyanyuliwa.

Ndani, walikokaa wanawake, Kudra, binti wa marehemu, hakucheka. Asubuhi ile alikuwa amekiona kitako chenyewe juu ya meza ya baba yake, kimefunikwa kanga kuukuu.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Mfaume. Wenye bunduki za leseni, hizi za zamani za kufukuzia nguruwe mashambani, walimletea ule mti unaobeba mtutu na kuegemezwa begani, ukiwa umepasuka au umeliwa na jasho na mvua. Walimletea mti peke yake. Chuma hakukigusa. "Chuma kina serikali yake," alikuwa akisema. "Mimi niachieni mti." Akaunga nyufa, akainua mabonyeo kwa kitambaa kibichi na pasi ya moto, akapiga msasa, kisha akapaka mafuta kwa kiganja kitupu, akisugua mpaka mti upate joto.

Matanga yalipokwisha, Kudra alimwendea kaka yake, Hamidu.

"Kaka, lile deni la Mzee Anselmi ni la kweli."

"Deni gani? Yule mtani tu. Kesho atasema baba kaondoka na mkewe."

"Kitako kiko mezani. Baba alishaunga ufa, akapiga msasa nusu."

"Basi tukipeleke kwa mafundi wa makochi pale kwenu Misugusugu, wakipulizie vanishi, kiishe."

"Baba hakupuliza vanishi."

"Baba hayupo, Kudra."

Kudra alikifunga kitako kwenye kanga ileile, akatwaa msasa uliobaki na chupa ya mafuta meusi iliyokuwa rafuni, akarudi Kibaha.

Pale Misugusugu, humohumo Kibaha, Kudra alikuwa na kibanda cha chai na chapati kando ya barabara. Wateja wakipungua mchana, alikaa uani akapiga msasa kama alivyomwona baba yake akifanya, kwa kufuata nyuzi za mti, bila papara. Ufa ulikuwa shingoni, pale kiganja kinaposhika. Baba yake alikuwa ameuunga vizuri hata ukipitisha kucha haikwami. Alipofika hapo Kudra alipitisha msasa juu juu tu, kisha akaona ni bora asipaguse kabisa.

Msasa ulipokwisha alifungua chupa. Mafuta yalinuka mafuta ya taa. Hilo halikumshangaza, baba yake alizoea kuyazimua yakiwa mazito. Akayamimina kiganjani, akasugua, akaongeza, akasugua tena. Mti ukawa mweusi wenye mng'ao, na kwa mara ya kwanza tangu msiba Kudra aliona jambo limekwenda sawa. Akampigia simu Mzee Anselmi: kesho aje.

Alfajiri alishindwa kukanda unga. Viganja vilikuwa vyekundu, vimevimba, na katikati ya vidole kulikuwa na malengelenge.

"Umeshika upupu wewe?" aliuliza jirani yake Stellamaris, muuza matunda. "Au umempiga mtu kofi usiniambie?"

"Nimepaka mafuta tu. Ya baba."

"Mafuta gani hayo? Toa hiyo mikono kwenye unga, utatuua na wateja."

Kudra alimpigia simu baba yake mdogo, Seifu. Alipomweleza chupa ilivyo, Seifu aliuliza:

"Ile ya plastiki, ya rafuni? Mwanangu, yale ni ya maganda ya korosho. Kaka alikuwa anayapaka kwenye nguzo za banda, mchwa wasile. Mafuta ya vitako ni ya mbegu za kitani, yako kwenye kopo la bati chini ya meza."

Kudra alitaka kucheka. Mtoto wa Mzenga, aliyekua akichoma korosho na kubabuliwa vidole na mafuta yake kila msimu, kudanganywa na harufu ya mafuta ya taa! Kisha akakumbuka kitako hakishikwi kwa mkono tu. Mlengaji hulaza shavu juu yake.

Wakati huo bodaboda ilikuwa imeshasimama, na Mzee Anselmi anashuka, kofia mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti wa mdaiwa. Kiko wapi? Nguruwe wameshanijua jina."

Kitako kilikuwa mezani. Alikiona, macho yakamng'aa, akanyoosha mkono. Kudra alikivuta kwa kanga.

"Usikiguse, mzee."

"Hee! Wazaramo mkishika kitu hamwachii, hata mkiwa mnalipa?"

Kudra alimwonyesha viganja, akamweleza. "Ukilaza shavu hapa, kesho mkeo hatakutambua."

"Mke wangu alishaacha kunitazama zamani." Lakini mkono aliurudisha mfukoni. Akakizunguka kitako kama mtu anayezunguka nyoka aliyelala. "Mzee wako kanichelewesha, wewe unataka kunichubua. Basi. Nipe nikapake mwenyewe mafuta ya nazi, nimesamehe, yaishe."

Neno hilo, nimesamehe, ndilo Kudra alilokuwa akilitafuta. Angeitikia tu, angekuwa amemaliza. Ila mzee alikuwa amelisema huku akicheka, na sumu ingali kwenye mti.

"Hapana, mzee. Niachie."

"Na mihogo yangu?"

"Niachie nikitoe hiki nilichokipaka."

Mzee Anselmi alimtazama, akatikisa kichwa, akaondoka bila kunywa chai. Safari hii hakutania.

Kudra alivaa mifuko ya plastiki mikononi, akakisugua kitako kwa matambara na tina, ile ya kuyeyushia rangi, akayachimbia matambara shimoni. Akapiga msasa upya mpaka weusi wote ukatoka, pamoja na ule upande baba yake alioulainisha mwenyewe. Hakuwa na namna. Mafuta yalikuwa yameingia kote. Shingoni tu, kwenye ule ufa, alisugua kwa uangalifu hadi mti ukawa safi na muungo ukabaki. Chapati siku hizo alikanda Stellamaris, akilalamika kila tonge. Hamidu alileta kopo la bati kutoka Mzenga bila kusema neno juu ya vanishi, ila aliondoka na maandazi bila kulipa.

Mafuta ya kitani aliyapaka kwa kiganja, malengelenge yakiwa yamekauka. Akayaacha yashike, akapaka tena. Mwisho alikiegemeza kitako begani, akalaza shavu lake mahali pa shavu, akalikandamiza.

"Unamlenga nani?" Stellamaris aliuliza.

"Nakipima."

Asubuhi alijitazama kwenye kioo, akaligusa shavu. Halikuwasha. Akarudia shavu la pili. Ndipo akapiga simu Msimbu.

Mzee Anselmi alikuja, akakishika kwa ncha za vidole kwanza, kisha kwa mkono mzima. Akapitisha kidole gumba shingoni, akatafuta ufa, hakuupata. Akakilaza shavuni.

"Hakiwashi."

"Najua. Nimekilalia."

"Basi Mzaramo mmoja katika—"

"Mzee," Kudra alimkata, akapiga goti. "Samahani. Leo usinitanie. Baba unamdai?"

Mzee alikiweka kitako mezani kwa utaratibu, akavua kofia. Wateja waliokuwa wakinywa chai walikuwa wameacha kutafuna.

"Mfaume simdai," alisema. "Kazi yangu imekwisha, nimeipokea. Simdai kitu, mbele ya watu hawa, na Mungu anasikia."

Kudra aliitikia kwa kichwa. Akageukia jiko, akammiminia chai.