Siku Nne za Kuwa na Baba

Barua mbili zilifika wiki moja, na Siham, ambaye miaka miwili mizima alikuwa akililia kazi ya urubani, hata ya kubeba vifurushi, ghafla akawa mtu wa kuchagua. Ndivyo ilivyo riziki: ikikawia hukawia mno, ikija huja na mwenzake.

Ya kwanza ilitoka shirika kubwa la ndege za abiria. Jina zito, sare yenye mistari ya dhahabu begani, ndege ambayo ukoo mzima ungeipiga picha uwanjani. Lakini huko rubani mgeni hula makombo: wakongwe huchagua siku zao kwanza, yeye hupewa zilizobaki, sikukuu na wikendi zote kazini. Ya pili ilitoka kampuni ya ndege ndogo za matajiri wanaozimiliki kwa hisa, huyu robo, yule thumuni, na kila mmoja anaitwa mwenye ndege. Huko ratiba ya mwaka mzima unaijua mapema: siku sita kazini, siku nne nyumbani, na hakuna wa kukugusa.

Siku nne ndizo zilizomtia tamaa. Baba yake, Mzee Matar, aliyetoka Pemba akaendesha basi Landani hadi kustaafu, alipigwa na kiharusi mwaka jana kikamlegeza upande wa kulia. Mama alikuwa keshatangulia mbele ya haki. Siham alitaka jambo moja tu, kuwa na babake kwa miaka iliyombakia.

Alimweleza sebuleni, katika fleti yao ya Neasden. Mzee akaichukua kalenda akahesabu sita, nne, sita, nne, akacheka kuona Idi imeangukia siku za mapumziko, ikiwa mwezi hautaleta ubishi wake wa kila mwaka. Kisha akauliza:

"Na wahudumu wangapi humo ndani?"

"Hakuna, baba. Ndege ndogo. Ni sisi marubani wawili tu."

"Na vinywaji nani anawapa?"

Angeweza kudanganya. Lakini Siham hakuwa mwongo, na siku hiyo ukweli ulimponza.

"Sisi wenyewe, kabla ya kuruka. Tunapakia mizigo, tunafagia, tunawatilia."

"Mnawatilia nini?"

"Wanachotaka. Wine, champagne. Ni part of the job, baba. Mie sinywi."

Mzee Matar akaiweka kalenda mezani, akanyamaza. Kwao msichana aliyeposwa akiulizwa akanyamaza, huhesabiwa amekubali, na Siham, kwa haraka ya mapenzi, akaupokea ukimya wa mzee kwa desturi hiyo hiyo. Kana kwamba mzee ni bibi harusi. Kesho yake akatia saini mkataba uliomfunga miaka mitatu kufidia gharama za mafunzo, na lile shirika kubwa likampa mwingine nafasi yake.

Mshahara wa kwanza ulipoingia, mzee akaanza kuumwa. Siham alirudi kutoka kazini akapika samaki wa kupaka, baba akasema tumbo limejaa gesi. Akapika boko boko, akasema jino. Akampeleka kwa daktari, daktari asione kitu. Siku ya nne aliingia chumbani kwa baba kubadili shuka, akakuta chini ya kitanda mfuko wenye mkate, tende na makopo ya maharage, vyote vya pensheni ya mzee. Baba yake alikuwa akila kwa kujificha.

"Ungeniambia, baba," alisema, amekaa sakafuni.

"Nikukoseshe kazi uliyoisomea kwa tabu ile? Sikulaumu, mwanangu. Ila mwenye kuimimina pombe ametajwa katika laana moja na mwenye kuinywa, na mie safari yangu imekaribia. Tumbo hili lililishwa kwa pesa gani, nitaulizwa mie."

"Nitaacha."

"Umefungwa miaka mitatu. Usinidanganye, na usijidanganye."

Jumamosi ile mzee akahamia Woolwich, ng'ambo ya jiji, kwa dada yake, Bi Ummukulthum, na begi moja, bila ugomvi. Ugomvi ungekuwa afadhali, maana waliogombana hupatana.

Sasa kila akimaliza siku zake sita, Siham hupanda treni kwenda Woolwich. Mara ya kwanza alibeba maembe. Mzee akayapokea, akashukuru, akampa jirani. Mara ya pili alipeleka koti la baridi, likabaki limetundikwa nyuma ya mlango na karatasi yake ya dukani. Mara ya tatu akaenda mikono mitupu, moyo umemvunjika kabisa, akamkuta anahangaika na kikata kucha kwa ule mkono wake dhaifu.

Siham akakichukua, akapiga magoti. Mzee akampa mkono bila kusita, kwani utumishi huu haukununuliwa kwa mshahara ule. Binti akakata polepole, kidole kwa kidole, machozi yakimdondokea mapajani.

"Na za miguu," mzee alisema kwa upole, akivua soksi.

Alikuwa na siku nne nzima za kuwa na babake, na kucha ishirini, hata uzikate kwa kuvuta muda, hazivuki nusu saa.