Sauti ya Jukwaa Namba Mbili

Mie sina ugomvi na reli ya uwanja wa ndege. Imetuletea abiria, na kijiwe chetu cha bodaboda nje ya kituo cha Buguruni kinakula vizuri, alhamdulillahi. Ugomvi wangu ni na vile vipaza sauti. Kila treni ikikaribia, mke wangu anawaambia wanaume wote wa Buguruni, taratibu, kwa sauti ya kubembeleza: "Abiria wapendwa, treni ya kuelekea uwanja wa ndege inaingia jukwaa namba mbili."

Wapendwa! Mie miaka tisa ya ndoa sijawahi kuitwa mpendwa. Mie naitwa, "Suhaib, toa hizo ndala mlangoni."

Farida ni mwalimu wa chekechea huko Tandika tunakoishi. Walipotafuta mtu wa kurekodi matangazo alikwenda kujaribu, akawashinda wenzake arobaini. Nilifurahi, wallahi nilifurahi, mpaka treni zilipoanza. Kijiweni hakuna aliyejua kuwa ni mke wangu, nami sikusema. Basi wakawa wanaisifia ile sauti mbele yangu. Aliyenimaliza kabisa ni Gaudens, kijana wa Bukoba, mpole, hana mke. Tangazo likitoka anazima injini asikilize, halafu anajibu, "Sawa mama, nimesikia." Anajibu! Wenzake wanacheka, mie roho inaniuma.

"Huyu dada mumewe anafaidi," akasema siku moja.

Nilitaka kumuuliza anafaidi nini, kiporo cha ugali? Jioni nikamwambia Farida aniite na mie abiria mpendwa, mara moja tu. Akacheka mpaka akakaa chini. "Acha utoto, baba." Nikanuna siku mbili.

Kisha watu wa reli wakataka kumwajiri moja kwa moja, matangazo ya reli nzima. Farida aliitaka kazi ile kuliko kitu chochote. Alishachoka kufuta makamasi ya watoto wa watu. Simu yake ilikuwa imekufa kioo, akawapa namba yangu. Kila nikirudi, kabla hata sijavua kofia ngumu, ananiuliza: "Hawajapiga?"

Walipiga Jumanne asubuhi. Dada wa ofisini akauliza kama Bi Farida yuko tayari kuanza. Wakati uleule tangazo likatoka, na nikamwona Gaudens anazima injini, kichwa kaweka upande, anatabasamu peke yake. Damu ikanichemka.

"Amekataa," nikasema. "Mambo ya nyumbani."

Wiki tatu nikawa namwambia bado. Anasema, "Labda kesho, inshallah," ananipakulia wali, nami nakula. Niliona aibu, sikatai, lakini wivu ulikuwa mkubwa kuliko aibu.

Jumamosi iliyopita akaja mwenyewe kituoni kuuliza, bila kuniaga, kavaa baibui lake la sikukuu. Alikuwa bado hajanifikia pale kijiweni tangazo likatoka. Sauti ya mwanamke mwingine. Farida akasimama palepale njiani.

"Hee! Huyu nani tena?" Gaudens akalalamika. "Yule wetu wamempeleka wapi?"

Farida akaingia ndani, akazungumza na karani dirishani. Hakukawia. Akaja moja kwa moja mpaka kwenye pikipiki yangu, kijiwe kizima kinatazama.

"Wanasema walipiga. Wanasema mume wangu alipokea, akasema nimekataa."

Sauti ni ileile, wote wakaitambua. Gaudens akashusha macho.

"Ni wivu, Farida," nikasema. "Hawa wanaume walikuwa wanakusikiliza kutwa nzima."

"Walikuwa wanasikiliza treni, Suhaib."

Akawageukia wale wengine. "Nani yuko zamu? Nakwenda Kigamboni, kwa mama."

Kijiweni kwetu abiria anachukuliwa na aliye mbele kwenye foleni, na mwenyekiti wa kijiwe ni mie. Nimeshagombana na watu wazima kwa ajili ya sheria hiyo. Mbele alikuwa Gaudens.

"Mwenyekiti?" akaniuliza, jasho linamtoka.

"Zamu yako. Mpeleke." Ningesema nini?

Alirudi baada ya saa moja na nusu. Nilikuwa sijabeba abiria hata mmoja.

"Umemfikisha?"

"Nimemfikisha."

"Alikuwa analia?"

"Hapana. Alikuwa anaongea. Toka hapa mpaka darajani, toka darajani mpaka mlangoni kwa mama yake."

Nyuma yangu mie Farida hupanda kimya, tunakwenda kimya, anashuka kimya. Nilidhani ni upepo unaomziba mdomo.

"Amesema nini?"

Gaudens akatoa kitambaa akaanza kufuta kioo cha pikipiki, na kilikuwa safi.

"Kasema nisikwambie, braza."

Nilimbana mpaka magharibi. Hakuniambia.