Kumchuja Polikarpo

Kila asubuhi saa moja Otilia alipanga glasi sita juu ya meza ya mtambo wa maji, akazijaza maji ya kijito, kisha akatia shabu: glasi ya kwanza kidogo, ya sita nyingi. Alikoroga, akakaa kusubiri tope lizame. Glasi iliyotakata mapema kuliko nyingine ndiyo iliyomwambia kipimo cha siku hiyo. Kazi hiyo alikuwa ameifanya miaka kumi na mmoja, na mtambo ulihudumia kijiji kizima, huko juu milimani, Matiri, kwa mabomba tisa.

Alhamisi ya mwisho ya Agosti, msimu wa kahawa ukiwa umepamba moto, maji yalikuja na rangi ya chai. Katika glasi ya tano tope lilizama likawa sikio. Otilia alivaa miwani. Lilikuwa sikio la kushoto, la mtu mzima, lenye pengo lililokatwa na seng'enge. Akachukua daftari la mtambo akaandika: Rangi, chai. Harufu, maganda ya kahawa. Tope, sikio la Polikarpo.

Polikarpo alikuwa mfanyakazi wa kinu cha kumenyea kahawa cha Bwana Edmund, kilichokuwa juu kidogo ya mtambo. Kazi yake ilikuwa kusukumia maganda na maji machafu shimoni, na shimo lenyewe lilivujia kijitoni. Lilikuwa na kina cha watu wawili na liliozesha kila kilichoingia: maganda, magunia, na mwaka juzi nguruwe mzima. Mwezi Juni Polikarpo hakurudi nyumbani. Bwana Edmund alisema amekwenda Kihagara, ziwani, kwa mwanamke mwingine. Kwa hiyo mkewe, Vitalia, hakukaa matanga. Aliyeachwa hapewi pole, anachekwa.

Bwana Edmund alikuwa pia mwenyekiti wa kamati ya maji. Alipopita kukagua, aliinama akaitazama glasi ya tano kwa muda.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba. Ongeza klorini."

"Klorini inaua vijidudu, Mwenyekiti. Huyu ameshakufa, ameyeyuka majini. Klorini itamchokoza tu."

"Ongeza."

Otilia akaongeza.

Kesho yake mabomba yalianza kusema. Mtu akifungua koki, maji yalikohoa kwanza, kisha yakasema kwa sauti ya Polikarpo, bila hasira: "Mwenyekiti, shimo halina mfuniko." Baada ya hapo yalitoka kama kawaida. Watu wakazoea kusubiri sentensi iishe ndipo waweke ndoo. Mwalimu mkuu alikataza koki ya shule isifunguliwe wakati wa mitihani.

Otilia aliijua sentensi hiyo. Polikarpo aliisema mkutanoni mwezi Mei, na yeye Otilia ndiye aliyekuwa akiandika muhtasari. "Hilo usiandike," Bwana Edmund alimwambia, naye hakuandika. Sasa aliogopa. Aliogopa kikombe chake cha chai, aliogopa hata kunawa uso. Mumewe, Raimundi, alikunywa bila wasiwasi, na kila funda lilipopita kooni mwake lilisema maneno yale yale, kwa sauti ya chini.

Jumatatu Vitalia alifika mtamboni amebeba beseni.

"Dada Otilia, nimemsikia mume wangu bombani."

"Ndiye, dada. Pole sana."

"Maji ya kusongea ugali ni mume wangu. Maji ya kufulia nepi ni mume wangu. Mtoe."

"Nikimtoa atanyamaza."

"Si wote wamemsikia? Nani amefunika shimo? Nitolee nimzike."

Otilia alileta gunia la mkaa. Aliusaga, akajaza mapipa matatu, akapitisha maji humo. Shabu ilikusanya sehemu zilizokubali kushikana. Zilizobaki zimeyeyuka zilinaswa na mkaa. Kwa wiki tatu Vitalia alikuja kila asubuhi na beseni lake, akaondoka na goti, au bega, au vidole vinne, vyote vya tope la kahawia, akavifunika kwa kanga. Pete ya ndoa haikuja, kwa sababu pete haiyeyuki. Ilibaki shimoni, na hakuna aliyekwenda kuitafuta.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Polikarpo alizoleka, isipokuwa kisigino kimoja. Bwana Edmund alitoa jeneza, nalo likachuruzika njia nzima mpaka makaburini. Pale alisema tumshukuru Mungu, ndugu yetu amerudi kutoka Kihagara. Vitalia alilia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu Juni, na wanawake wakamshika.

Siku iliyofuata mabomba yalikuwa kimya. Maji yalitoka meupe, hayana ladha wala neno. Kamati ilikaa ikampongeza mwenyekiti kwa maji safi. Naye, asije akaonekana hana shukrani, alimkumbuka Otilia: alimpa Raimundi kazi kinuni, ile iliyokuwa wazi.

"Umekubali?" Otilia alimuuliza mumewe.

"Tumeshapeana mikono. Mibuni yetu imekauka, mke wangu, ningekataaje?"

"Shimo limefunikwa?"

"Bado. Nitakuwa naangalia ninapokanyaga."

Jumatatu, jua likichomoza, Raimundi alikuwa uani anatafuta buti zake. Otilia alifungua koki, akasubiri. Yalitoka maji tu. Aliiacha wazi mpaka ndoo ikajaa ikamwagika, akaendelea kusikiliza. Kisha akaifunga, akaingia ndani, akarudi na daftari la mtambo, alilokuwa amekuja nalo nyumbani.

"Kaa hapo kwenye kigoda. Usivae buti kwanza."

Raimundi akakaa. Otilia alitazama vidole vyake vya miguu kimoja kimoja, akaandika. Alitazama magoti, akaandika. Aliandika kovu la kidevuni na kucha nyeusi ya dole gumba. Aliyaandika yote kwa mwandiko mzuri, palipoandikwa Tope.

"Unaandika nini, mama?"

"Geuza shingo," Otilia alisema. "Bado masikio."