Migunga Katika Shamba la Viazi

Mvua ya Oktoba ilipokolea, Gacheri aliona kitu kigeni katikati ya viazi vyake. Ulikuwa mche mdogo, majani yake membamba kama manyoya, na tayari una miiba. Aling'oa huo, akaona mwingine, na mwingine. Hapo Ruiri, huku juu alipozaliwa na kuolewa, hakuwa amewahi kuona mti huo ukiota.

Alimwonyesha Mukiri, dereva wa lori lililomletea samadi ya mbuzi kutoka bondeni, upande wa Isiolo.

"Huu ni mgunga, mama. Ng'oa tu."

"Lakini umefikaje hapa? Nani ameupanda?"

Mukiri akacheka. "Mbuzi."

Jibu hilo halikumtoka Gacheri akilini. Lori liliposhuka tena kuchukua samadi, naye alipanda. Alitoka nyumbani na sweta, akaivua kabla hawajafika.

Mwenye zizi, Mama Guyo, alimwonyesha mbuzi wakitafuna maganda ya mgunga yaliyoanguka. "Mbegu inapita tumboni, inatoka imelainika. Isipopita huko, inakawia sana kuota."

"Basi hapa kwenu pangekuwa msitu!"

Mama Guyo alimshika mkono. Alimpeleka mahali ambapo baba mkwe wake alikuwa na zizi zamani, na samadi yake ikaachwa papo hapo. Nyasi zilikuwa nene, migunga imesongamana, ndege wanapiga kelele. Kisha akampeleka kwenye zizi walilohama juzijuzi, ambako samadi yote ilikuwa imezolewa. Palikuwa udongo mwekundu mtupu.

"Tangu lori lianze kuja, tukihama panabaki hivi. Lakini watoto wangu wanasoma kwa samadi hiyo. Nitaachaje kuuza?"

Gacheri aliinama, akasugua ule udongo kati ya vidole. Miaka yote hiyo alikuwa akijisifia viazi vyake bila kujiuliza vinakula nyasi za nani. Aliona haya, lakini maswali yakamzidi.

"Kiangazi mbuzi wanakula nini?"

"Wanalia tu."

"Mimi mabua ya mahindi nayachoma."

Mama Guyo alimgeukia. "Unachoma chakula?"

Waliongea mpaka Mukiri akapiga honi. Wakakubaliana kwamba lori lisishuke tena tupu, libebe mabua. Na katika kila zizi linalohamwa, nusu ya samadi ibaki. Mukiri alinuna kwa kupunguziwa mzigo, hadi alipotambua kwamba sasa analipwa kwenda na kurudi.

Msimu uliofuata viazi vilipungua ukubwa. Gacheri akaanza kulundika kinyesi cha ng'ombe wake mmoja pamoja na majani makavu, akifukua kila mara kuona kama lundo limeiva. Kisha Mukiri akaleta habari: nusu ya samadi iliyoachwa bondeni ilikuwa imeota nyasi, ila mbuzi wa majirani wamezimaliza.

"Mama Guyo anauliza kama huku kuna seng'enge kuukuu za kuzungushia."

Gacheri alicheka, akajifuta mikono, akaenda kubisha hodi kwa jirani.