Mti wa Arobaini na Moja

Pascasie alikuwa na hasira na mti. Wala haukuwa mti wa maana, mche tu, majani kumi na mawili, ameyahesabu mwenyewe. Lakini ulikuwa umesimama katikati kabisa ya mdomo wa njia ya mteremko ambayo yeye aliisubiri miaka sita.

Njia hiyo ya saruji ilijengwa kwa ajili ya watu kama yeye, ambao miguu iliwagomea tangu utotoni na wanatembelea kigari cha magurudumu matatu kinachoendeshwa kwa mikono. Ilipanda taratibu kutoka barabarani hadi kwenye jukwaa la kituo kipya cha mabasi. Kituo cha zamani kilikuwa bondeni, karibu na mto Sebeya. Mto ulipofurika na kukizoa, ofisi ya wilaya iliagiza kihamie juu, kwenye jukwaa linalofika kifuani mwa mtu mzima. Sawa, nani atabishana na mafuriko? Agizo hilohilo likasema pawekwe na njia ya walemavu. Siku saruji ilipomwagwa, Pascasie alipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka.

Kisha likaja agizo la mazingira. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, yaani kazi ya pamoja, kijiji kizima kilitoka na majembe kupanda miti sitini kando ya barabara ya kituo, kila mita tatu mti mmoja. Na watu hawa ukiwapa kamba yenye mafundo hawaangalii kitu kingine duniani. Fundo la arobaini na moja lilipoangukia mbele ya mteremko, hakuna aliyeinua kichwa. Shimo likachimbwa, mche ukaingia, uzio wa mianzi ukafungwa kuuzunguka. Na aliyeshika ncha ya kamba siku hiyo, akipiga soga na jirani yake Uwamariya muuza dagaa wa sambaza, alikuwa Pascasie mwenyewe. Hilo ndilo lililomkera kuliko yote.

Kigari hakikupita tena. Kushoto mfereji, kulia ukuta. Wiki tatu za kwanza Habineza, kondakta wa basi la Nyundo, alimbeba mgongoni kumpandisha ngazi. Halafu likabandikwa agizo la nidhamu. Makondakta walikuwa wamezoea kugombania watu kwa kuwavuta mikono, kwa hiyo tangu sasa abiria asishikwe, asivutwe wala asibebwe na mtu yeyote ndani ya kituo. Na chini yake, kwa herufi nyekundu, la nne: basi lisisimame popote nje ya kituo.

Maagizo manne, na kila moja ukilisoma peke yake ni zuri, hata unaweza kulipigia makofi. Yakikutana, Pascasie hafiki kazini.

Kazi yake ilikuwa Nyundo, kwenye karakana ya kushona sare za shule. Alikosa siku nne. Siku ya tano alikiacha kigari chini akapanda ngazi kwa mikono, na usiku wake mvua ilikuwa imenyesha. Alifika kazini na matope mpaka kifuani. Msimamizi alitazama majora ya kitambaa cheupe, akamtazama yeye, akamrudisha nyumbani. "Jumatatu usipofika, au ukifika hivi tena, cherehani yako nampa mwingine," alisema, na sauti yake haikuwa ya ubaya.

Basi Jumamosi, umuganda ulipokwisha na watu wakakaa kwenye majani kwa mkutano, Pascasie alinyoosha mkono kabla hata salamu hazijaisha. Bahizi, afisa aliyeleta maagizo, alikulia Karagwe, Tanzania, na Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi kama suruali yake.

"Nyakubahwa mheshimiwa," alisema Pascasie, "mi naomba kitu moja tu. Ule muti tuusogeze. Hatua mbili. Hata leo, majembe iko hapa."

"Dada yangu, nakuelewa kabisa," alisema Bahizi. "Ila mti uliopandwa haung'olewi bila kibali."

"Kibali inatoka wapi?"

"Kwa mtaalamu wa mazingira, baada ya kukagua."

"Anakuja lini?"

"Akiandikiwa barua."

"Basi umuandikie!"

Bahizi alikohoa. "Tatizo, ripoti imeshatumwa. Njia ya walemavu, asilimia mia. Miti, sitini kati ya sitini. Nikiandika barua leo nitakuwa najipinga mwenyewe."

"Lakini mi sipiti!" Pascasie alipiga ngumi kwenye mkono wa kigari. "Asilimia mia ya nini, kama mi sipiti?"

Uwamariya akasimama, mikono kiunoni. "Donc, acheni basi Habineza amubebe! Bon, shida iko wapi?"

"Agizo la nidhamu halina ubaguzi, mama," alisema Bahizi. "Linamlinda kila abiria."

Kisha akafungua faili, akapitisha kidole kwenye mistari. Uso wake ukafunguka. Alikuwa na furaha ya kweli, maskini, ya mtu aliyepata kumsaidia mwenzake.

"Hapa! Linasema abiria. Mizigo hairuhusiwi kuachwa ngazini, kondakta lazima aipandishe mwenyewe. Sasa, dada Pascasie akikatiwa karatasi ya mzigo badala ya tikiti, nani atakuwa amevunja agizo?"

Watu walipiga makofi. Hilo ndilo ambalo Pascasie hakuweza kulimeza. Wale wale waliokula naye, waliozika naye, walipiga makofi kwa moyo mweupe, wengine wakamgeukia wakitabasamu. Alitaka kupiga kelele, akashindwa aanzie wapi. Ni Uwamariya peke yake aliyetema mate chini na kuchukua jembe lake akaondoka.

Jumapili nzima Pascasie aliapa haendi. Afadhali cherehani ichukuliwe. Kisha akakumbuka miaka aliyokaa kwenye mkeka wa kaka yake akingoja kupewa sahani, akavuta sufuria ya maji akafua nguo ya kazini.

Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi alikuwa chini ya ngazi. Habineza alishuka na kitabu cha mizigo mkononi, macho ameyatupa pembeni.

"Unisamehe, dada. Banasema lazima niandike."

"Andika."

Akaandika tarehe. Akaandika Nyundo. Kalamu ikasimama.

"Hapa banauliza ndani iko nini."

Abiria waliokuwa jukwaani waliacha mazungumzo. Pascasie aliona aibu, na hasira kwa kuona aibu ambayo haikuwa yake.

"Mutu," alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma. "Andika, ndani iko mutu."

Habineza aliandika polepole, akararua karatasi. Kwa kawaida nusu moja hubandikwa kwenye mzigo na nusu hupewa mwenyewe. Alimpa zote mbili, kisha akainama kumbeba.