Buibui wa Ukweni

Scholastica wa Zombo hakuwa mtu wa kuogopa mnyama. Nyoka alikuwa anamponda kwa mpini wa jembe huku akiendelea na maongezi yake. Tembo wanaotoka hifadhi ya Mikumi kuja kula mahindi ya watu alikuwa anawafukuza kwa debe na matusi, na matusi yenyewe si ya kurudia hapa. Lakini jamani, mwanamke huyo huyo alikuwa amekosa usingizi kwa ajili ya buibui, tena buibui ambaye hajawahi kumtia machoni, anayeishi Australia.

Wa kulaumiwa ni Kelvin wa bodaboda. Alisikia kwamba Monica, binti pekee wa Scholastica, ana mimba huko Australia alikoolewa, na kwamba mama anatakiwa aende kumlea uzazi. Badala ya kumpa mwenzake hongera, akatoa simu akamwonyesha video. Buibui mweusi, mgongoni ana doa jekundu, amejibanza chini ya kiti cha choo.

"Mama, huyu akikuuma umekwenda na maji," Kelvin akasema. Akawasha pikipiki yake, huyo akaondoka.

Tangu siku hiyo Scholastica hakuishiwa visingizio. Mara kuku, mara mahindi, mara goti linauma. Kumwambia mwanawe ukweli hakuweza. Mama gani anashindwa kwenda kumkanda binti yake kwa maji ya moto, uzazi wa kwanza, eti anaogopa kidudu? Alijiona mama bure kabisa, na aibu ilimkaa rohoni.

Monica akachoka na simu. Akapanda ndege na mimba yake ya miezi mitano kuja kumchukua mama yake mwenyewe, na hakuja peke yake. Aliongozana na mama wa mumewe Gerald, mwanamke mrefu mwenye mvi, asiyejua Kiswahili, ambaye Zombo nzima ilishaanza kumwita Mama Gerald kabla hajamaliza kushuka garini.

Mama Gerald naye, masikini, aliogopa kila kitu. Walipopita Mikumi alimwona simba amelala kando ya lami, na tangu hapo rangi haikumrudi. Hakuketi bila kuchungulia chini ya kigoda. Ila kilichommaliza nguvu Scholastica ni viatu. Kila mara mgeni alipotaka kuvivaa vyake, alivigonga chini kwanza, akavikung'uta, akachungulia ndani.

"Vile anatafuta nini?" Scholastica akauliza.

"Mazoea tu, mama," Monica akajibu. "Kule kwetu buibui wanaingia kwenye viatu."

Haya! Kumbe hata viatuni. Scholastica akaenda jikoni kusonga ugali, akausonga kwa hasira mpaka sufuria ikahama mafiga.

Ilipofika jioni, alifanya kama wanavyofanya wenye mashamba ya pembezoni. Alichoma madonge ya kinyesi cha tembo yaliyochanganywa na pilipili, kwa sababu tembo hawauwezi moshi ule. Binadamu pia hauwezi, ila wa Zombo wameshauzoea. Mama Gerald akakohoa kidogo, kwa adabu, ndani ya kitambaa. Basi, ikawa balaa. Mkwe akohoe nyumbani kwangu, uso nitauweka wapi? Scholastica akachota maji akauzima moto wote, pwaa.

Kabla ya kulala akamsindikiza mkwe wake chooni, maana choo kilikuwa nje, ng'ambo ya ua. Aliingia yeye kwanza. Akapiga debe mpaka mijusi wakatawanyika, akamulika kila pembe, akatoka.

"Karibu, mkwe," akasema, na Mama Gerald akaingia.

Alfajiri, kukiwa kunapambazuka, Mama Gerald akamgusa bega, anataka chooni tena. Monica alikuwa bado amelala. Scholastica akachukua debe lake na kipande cha mti, akafungua mlango, na hapo hapo akasimama.

Ua ulikuwa umejaa tembo.

Moshi! Alikuwa ameuzima kwa mkono wake mwenyewe. Akainua mti apige debe, na mkono wa Mama Gerald ukamshika kifundo cha mkono. Scholastica akageuka. Mgeni alikuwa anatetemeka mwili mzima, machozi yanamtiririka, lakini macho hayakuwa kwenye mlango wa kukimbilia. Alikuwa anawatazama tembo.

Basi naye akatazama. Miaka yote hiyo alikuwa amewaona gizani, migongo inakimbia na mahindi yake mdomoni. Hakuwahi kumwona tembo aliyetulia. Jike kubwa lilikuwa mbele yao, karibu kiasi kwamba walisikia tumbo lake likinguruma, na kope zake zilikuwa ndefu kama za bibi harusi. Chini ya tumbo lake alisimama ndama. Jike likashusha mkonga, likamsogeza mwanawe nyuma taratibu, kisha likabaki linawatazama wanawake wale wawili. Halafu likageuka, na kundi zima likalifuata. Miguu minene vile, na hata kijiti hakikulia.

"Mungu wangu," Scholastica akanong'ona, "kumbe ulikuwa unanipitishia hivi vitu mlangoni kwangu!" Akagundua kwamba naye analia.

Mama Gerald alikuwa bado hajamwachia mkono. Mwanamke aliyeogopa hata kigoda alikuwa amesimama naye hadi mwisho. Scholastica akashindwa kuendelea kuficha.

"Monica!" akaita, na binti akatoka anafikicha macho. "Mwambie mkwe wangu. Si kuku, si mahindi, si goti. Naogopa buibui wenu."

Monica akatafsiri. Scholastica akainamisha kichwa akisubiri kuchekwa. Mama Gerald hakucheka. Alilichukua lile debe, akaligeuza geuza, akasema maneno machache.

"Anasemaje?"

"Anauliza kama unaweza kumwazima hilo debe."

Monica na Mama Gerald walitangulia, maana viza ya Scholastica ilichukua miezi. Mjukuu alizaliwa Australia, wa kike, wiki ile ile bibi yake wa Zombo alipofika. Asubuhi ya kwanza Scholastica alisimama nje ya mlango wa choo, kile cha ndani chenye kiti, na miguu ikamgomea. Akaamua atavumilia tu, hata mpaka jioni. Hapo Mama Gerald akatokea na gauni lake la kulalia, mkono mmoja sufuria, mwingine mwiko. Akampita, akaingia, akajifungia. Loo, kelele zilizotoka humo! Sufuria ililia mpaka mtoto akaamka na kuanza kulia chumbani. Kifuniko kikainuliwa, kiti kikainuliwa, vikashushwa. Kisha mlango ukafunguliwa, na mwanamke yule akatoka, mvi zimemsimama na jasho linamtoka.

"Karibu, mkwe," akasema.

Scholastica akaingia, akakaa bila kuchungulia chini ya kiti.